Mwanangu, gonga mlango

Songea, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi anauliza kila siku kama huko Dar unakula vizuri.

Juzi uliponiambia test ya kwanza ya hesabu umepata 6 kwa 20, kisha ukaongeza harakaharaka, "lakini nitajitahidi, baba," sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu zamani. Basi leo nakuambia jambo ambalo hata mama yako alilijua baada ya ndoa.

Watu hapa mtaani wanaamini niliacha chuo kwa kukosa ada. Si kweli. Nilidisco, yaani niliondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza tu, masomo ya sayansi. Shuleni sikuwa na mazoea ya kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa. Chuoni nikakuta ukumbi umejaa mamia ya watu, na mhadhiri anafuta ubao sijamaliza kunakili. Wiki ya nne nilishapotea. Mkufunzi msaidizi wetu alikuwa amebandika mlangoni saa zake za kuonana na wanafunzi, Jumatano alasiri. Nilikwenda. Nikafika na karatasi yangu mkononi, nikasikia ndani wenzangu wanazungumza Kiingereza chepesi na kucheka. Nikasimama, nikalisoma lile tangazo mpaka mwisho kana kwamba ndilo lililonileta, nikageuka. Sikurudi tena.

Mwanangu, nenda kwa mkufunzi wako wiki hii. Kosiweki, yaani test na kazi za muhula, ni alama 40 na mtihani wa mwisho ni 60, kwa hiyo test moja haijakumaliza. Wengi huanza kutafuta msaada wakishapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na hapo mhadhiri ana karatasi mia za kusahihisha.

Ukifika, usiseme "mada ya limiti sijaielewa." Chukua swali moja, lifanye mpaka pale ulipokwama, pigia mstari hapo, mwonyeshe. Mara nyingi kinachokukwamisha si limiti yenyewe, ni aljebra ya kidato cha tatu iliyopita juujuu, na yeye ataiona kwa dakika mbili. Kiingereza kikigoma, uliza kwa Kiswahili. Wewe sayansi uliisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, ukabadilishiwa lugha kidato cha kwanza. Hiyo si aibu yako. Mtihani utauandika kwa Kiingereza, lakini kuelewa kwanza.

Semina usizikose, hata kama rejista haiitwi. Kule mnakuwa wachache na mkufunzi anaona sura yako. Tafuta pia wenzako watatu wanne wa kusoma nao, kila mmoja asimame ubaoni aeleze swali bila kutazama madesa, yaani notisi. Ukishindwa kulieleza, bado hujalijua.

Unajua kazi yangu ya maabara hapa shuleni. Kila mwaka kwenye titresheni, lile jaribio la kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine mpaka rangi ibadilike, naona jambo lilelile. Mtoto anafungua bureti, ule mrija wa kudondoshea, kama bomba la maji, na mchanganyiko uliotakiwa kuwa waridi hafifu, kwa tone moja la mwisho, unaiva mwekundu kabisa. Mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, nimepitiliza." Naosha chupa naye, tunapima upya, dakika kumi hazifiki. Mwingine ananyamaza, anachungulia namba ya jirani, anaiandika. Kuanzia hapo kila hesabu anayofanya ni ya uongo, na mimi siwezi kumsaidia kwa sababu karatasi yake inaonekana safi. Ninapomtazama huyo wa pili moyo huniuma, nakumbuka ule mlango.

Sikukasirikii kwa 6. Ungenificha ndiyo ningeumia.

Koti lako la maabara liko kwa fundi, anabadilisha vifungo. Nitalituma kwa basi la Jumamosi, ulipokee stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ukishalipata nipigie, na uniambie huyo mkufunzi wa semina yenu anakaa chumba namba ngapi, na swali gani ulimpelekea.

Baba yako