Upenu nao ni jengo

Mhariri,

Kila masika yakikaribia kumalizika, mazungumzo ya barazani hurudi pale pale: mtu akiongeza chumba nyumbani kwake, ndani ya uwanja wake mwenyewe, lazima aende kuomba ruhusa? Wengi hujibu kwa haraka kwamba kibali ni cha nyumba mpya, na upenu, yaani chumba kinachoegemezwa kando ya nyumba, au banda la uani ni "marekebisho" tu. Jibu hilo ndilo linalowaponza watu, na tunaomba nafasi tulieleze kwa vipimo.

Ukichimba msingi, ukapandisha ukuta, ukaongeza tabaka, au ukageuza chumba cha mbele kuwa duka, umejenga. Visiwa vyetu vina sheria ya mipango ya miji na vijiji tangu 1955, na hoja ya "uwanja ni wangu" haimwondolei mtu haja ya kibali. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Ulichonacho ni haki ya kuitumia. Kupaka rangi, kuweka vigae, kutoa bati lililooza na kuweka jipya kwa mteremko ule ule, hayo ni matengenezo na kwa kawaida hayana mzozo.

Ndani ya Mji Mkongwe ni habari nyengine. Eneo zima ni la hifadhi, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata kubadilisha dirisha au kupiga lipu ukuta wa nje kunapitia kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Watu hudhani ni suala la uzuri wa picha za watalii. Siyo. Kuta zile ni za mawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, chokaa inageuka unga, na lipu mpya inabambuka kwa vipande vikubwa. Isitoshe, kuta nyingi ni za shirika: ncha za boriti za jirani zimelala ndani ya ukuta unaotaka kuutoboa.

Kabla ya ramani kuna suali ambalo watu hulikwepa: nyumba ni ya nani? Kama ni ya urithi ambao haujagawiwa, ndugu mmoja hawezi kujenga upenu kisha akadai sehemu ile ni yake peke yake. Tafuta maandishi ya warithi wote. Kama ni ya wakfu, mpangaji aanzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kama umenunua kipande kilichokatwa katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, ardhi ile ilitolewa kwa kilimo, kwa hiyo suala la kubadilisha matumizi linakuja kabla ya suala la chumba.

Sasa tuje kwenye kosa ghali kuliko yote: kuongeza ghorofa juu ya nyumba ambayo haikujengwa kubeba ghorofa. Tuchukue chumba kimoja cha mita 3.6 kwa 3.6. Slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Kwa chumba hicho ni karibu tani 4.7. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita, wenye kimo cha mita 3, una kilo 900 hivi kwa kila mita ya urefu kabla ya lipu. Kuta nne zinakaribia tani 13. Jumla ni kama tani 18, na bado hujaezeka, hujaingiza kitanda, hujakaribisha wageni wa harusi. Mzigo wote huo unaushukia msingi ambao mwashi aliuchimba kwa ajili ya kenchi na bati. Nguzo zinazopenyezwa ukutani baadaye hazisaidii kitu ikiwa hazikushuka hadi kwenye kitako chake cha zege chini ya ardhi.

Kuna na zile nondo zinazoachwa zikichungulia juu ya paa zikisubiri ghorofa ya siku moja. Sisi tunaziita nondo za matumaini. Upepo wa bahari huzila. Nondo ya milimita 12 inahitaji kupishana na mwenzake kwa sentimita 50 hadi 60, na sehemu hiyo iwe chuma kizima. Ukiipiga nyundo ikatoa magamba, pima unene wake kabla ya kuitegemea. Ukipanga kuziacha, zifunike kwa zege hafifu utakayoivunja baadaye.

Upenu wa kando una tatizo lake. Udongo chini ya msingi wa zamani umeshashindiliwa na uzito wa miaka mingi. Wa msingi mpya bado utatulia kwa milimita kadhaa. Mafundi hupenda kuchonga meno katika ukuta wa zamani na kuyafunga matofali mapya humo, wakiamini ndiyo imara. Mmoja unashuka, mwengine umesimama, na ufa unafunguka kwa mtindo wa ngazi kufuata viungo vya matofali. Acha mwanya wa milimita 10 hadi 20 baina ya kuta mbili, uujaze kitu laini, uufunike kwa kipande cha bati. Usichimbe mtaro mrefu kwa mkupuo mmoja kando ya msingi wa zamani, wala usishuke chini kuliko ulipoishia. Chimba kipande cha mita moja, mimina zege, ruka, kisha urudi. Kwa Pemba penye vilima, ukikata mteremko nyuma ya nyumba ili upate nafasi, ule ukuta wa kuzuia udongo nao uwemo katika ramani, na uwe na matundu ya kutolea maji, la sivyo mvua itausukuma.

Maji ndiyo yanayowafikisha majirani kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upenu wa bati wa mita 20 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 1,000, na zote zinamwagika upande ulioelekeza mteremko. Ukielekeza kwa jirani bila ya gata, umemchimbia msingi wake. Karo nalo, yaani shimo la maji machafu, liwe mbali na kisima. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30, lakini penye mwamba wa matumbawe wenye nyufa hata umbali huo haukupi uhakika, kwa sababu maji machafu hayachujwi, yanapita tu. Wanaojaza nafasi ya karo kwa chumba kipya wafikirie pia gari la kunyonyea litasimama wapi.

Ramani ioneshe madirisha pia. Dirisha linalotazama ua wa mwenzako linavunja sitara yake. Lipandishe juu ya kimo cha macho au lihamishe. Na uchochoro usiliwe hata kwa futi moja: gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 hivi, na jeneza linahitaji nafasi ya kukata kona.

Utaratibu wenyewe si mrefu kama unavyosimuliwa. Anza kwa sheha, anayejua mipaka na majirani. Mpe mchoraji vipimo vya nyumba iliyopo, si vya chumba kipya pekee. Ombi lenye chumba kinachoelea peke yake kwenye karatasi hurudishwa. Peleka ramani, ushahidi wa umiliki na mchoro wa kiwanja katika ofisi inayoshughulikia vibali vya ujenzi kwenu, na walio Mji Mkongwe wapite pia kwenye mamlaka yao. Mwambie fundi auache mtaro wazi mpaka mkaguzi aone kina chake. Kosa likiwa kwenye karatasi hufutwa kwa ufutio; likishafika kwenye lenta, hubomolewa kwa nyundo.

Lawama haziko upande mmoja. Mtu anayetaka banda la jiko la mita 3 kwa 3 akitakiwa aonekane katika ofisi zile zile na kwa nyaraka zile zile za mjenga hoteli, atajenga Ijumaa jioni na Jumatatu ukuta umeshasimama. Tunapendekeza fomu ya ukurasa mmoja kwa nyongeza ndogo zisizo za ghorofa, yenye umbali wa mpaka, mteremko wa paa na mahali pa karo, ibandikwe katika kila ofisi ya shehia, Unguja na Pemba.

Wachora ramani za majengo,
Unguja