Kitabu nimekinunua Mwanga, kufika Kagunga hakifunguki

Mhariri, salaam, na poleni na kazi.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye safu hii kwamba siku hizi watu hatununui vitabu, bando zetu zinaishia kwenye kuchati na mipira. Sijui mwenzetu anakaa wapi ila mimi niko Mwanga hapa Kigoma, nafanya biashara ya dagaa, na vitabu nanunua, tena vya kwenye simu maana vya karatasi kwenye boti vinalowa. Shida yangu ni kwamba nikishanunua sivisomi, na wala sio uvivu.

Ugonjwa wa kusoma ulinianza mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu hakuna kuvua, unashinda nyumbani mpaka mke anakuuliza we huna pa kwenda. Shemeji yangu akanirushia kitabu kimoja kwenye simu, nikakimaliza kwa siku nne, toka hapo basi tena. Ziwa likafunguliwa nikarudi kwenye safari zangu za Kagunga kule mpakani na Burundi, unapanda boti Kibirizi mchana unafika giza limeshaingia. Na anayejua dagaa anajua, wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanalala na mimi mnunuzi nakaa tu ufukweni siku tano sita nasubiri. Sasa hapo usiposoma kitabu utafanya nini?

Basi nikanunua riwaya ya upelelezi kwenye programu moja, sitaitaja, elfu nane, nikalipa kwa simu nikaishusha hapo hapo nyumbani, ikaandika imepakuliwa, roho yangu kwatu. Boti ikapita Kalalangabo, ikapita Mtanga, mtandao ukaanza kukatakata mpaka ukaisha kabisa, milima ya Gombe hiyo hapo pembeni, nikatoa simu nianze kula kitabu changu. Inaandika: unganisha intaneti tuhakiki akaunti yako. Nikazima nikawasha, vile vile. Jalada naliona, jina la mwandishi naliona, jina langu mwenyewe kule juu naliona, kitabu hakifunguki! Kufika Kagunga simu ikadaka mtandao wa Burundi, nikasema afadhali, kubonyeza tu salio langu lote la elfu mbili likaondoka na kitabu bado kimegoma. Siku tano nimekaa na kopo la maziwa sina cha kulitobolea.

Hilo nililimeza. La pili ndo lilinimaliza. Safari nyingine nimekaa ukingoni mwa boti, wimbi likatupiga, simu ikanichomoka mkononi, chubwi, kwisha habari. Nikanunua nyingine, laini nikarudisha, nafungua ile programu inaniambia nimefikisha idadi ya vifaa, kumbe mwisho ni viwili, na mimi kimoja nilishatumia kwa tableti ya mke wangu. Nikapiga simu kwao. Akapokea binti mpole kabisa, akaniambia kaka ingia kwenye kile kifaa cha zamani, nenda kwenye mipangilio, bonyeza ondoa kifaa. Nikamwambia dada yangu, kifaa cha zamani kiko ndani ya Ziwa Tanganyika, na hili ziwa lina kina mpaka mita 1,470, nikizamie? Akanyamaza kidogo, halafu akasema atalifikisha kwa wahusika. Mpaka leo wahusika.

Sasa linganisha na hii. Kuna mwandishi mmoja anajiuzia mwenyewe, nikamtumia hela, akanitumia faili la epub, aina ya faili la kitabu cha kwenye simu, kwa WhatsApp, halikufika hata MB moja, ukurasa wa kwanza kaandika nakala hii ni ya fulani na namba yangu ya simu. Basi, hakuna akaunti wala nywila. Nikaliweka kwenye memori kadi, likafunguka Kagunga mtandao haupo, likafunguka kwenye boti, mama watoto nikamrushia kwa Bluetooth hapo hapo sebuleni bila kula hata senti ya bando, na binti yangu wa kidato cha pili akalichukua kwa memori kadi ile ile. Tukasoma watatu. Vurugu ilikuwa moja tu, mimi nasema niko ukurasa wa 112 mke wangu anasema hiyo sehemu kwake iko ukurasa wa 64, tukabishana nusu saa nikidhani anarukaruka, kumbe epub kurasa zinajipanga kufuata kioo na ukubwa wa maandishi, na mimi nakuza maandishi macho yananisumbua. Siku hizi tunahesabu sura. Na hapo ndo inapoishinda pdf, maana ile ya vitabu vya shule alivyonavyo binti ni picha za kurasa, kwenye simu unaburuta kushoto kulia kila mstari, na faili lenyewe linafika MB 80.

Najua wauzaji watajibu kwamba wakiondoa hizi kufuli za kuhakiki akaunti na kuhesabu vifaa, vitabu vitasambaa kwenye magrupu. Jamani, si vinasambaa tayari? Anayeiba anapiga picha kurasa anatengeneza pdf yake anarusha, hakuna siku ameambiwa ahakiki akaunti, anayehakikiwa ni mimi niliyelipa. Marekani kampuni ya kuchapisha vitabu ya Tor iliondoa kufuli kwenye vitabu vyake vyote vya kielektroniki mwaka 2012, na mwaka mmoja baadae wenzao wa Tor ya Uingereza wakasema hawajaona wizi ukiongezeka. Upande wa pili Microsoft walifunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote watu walivyonunua vikaacha kufunguka, waliwarudishia hela sawa, lakini hebu fikiria mtu aje nyumbani abebe kabati lako la vitabu akuachie noti mezani. Na hao ni Microsoft, je hizi programu zetu ndogo zikifunga nani atanirudishia elfu nane yangu?

Mimi sitaki vya bure. Kitabu chenye jina langu na namba yangu siwezi kukitupa kwenye grupu, aibu hiyo naipeleka wapi, Kigoma hii tunajuana. Ninachotaka nikishalipa kifunguke mtandao ukiwepo usiwepo, na nyumba moja tusome kwenye simu zetu zote kama ambavyo kitabu cha karatasi kinazunguka sebuleni mpaka jalada linatoka. Kama hilo haliwezekani basi waandike wazi kabla sijalipa kwamba hiki bila intaneti hakisomeki, ili mtu wa Kagunga au wa Kalya ajue mapema abaki na hela yake anunue chumvi.

Ile riwaya ya elfu nane hata sura ya kwanza sijui ina nini. Wiki ijayo napanda boti tena na mbalamwezi itanikuta huko huko, kwa hiyo kama kuna mwandishi anasoma hapa ana riwaya ya upelelezi ya faili la kawaida, aandike bei yake kwenye safu hii, nitainunua kabla sijashuka kwenda Kibirizi kupanda boti.

Baba Zawadi,
Mwanga, Kigoma