YAH: MALALAMIKO – Hela zangu za SEO, websaiti yangu, na kijana wenu aliyenicheka

Ndugu Mkurugenzi,

Habari za kazi. Mimi huku Bagamoyo mzima ila roho haijatulia toka nitoke ofisini kwenu. Niliwalipa kazi ya SEO, yaani kuifanya websaiti ya nyumba yangu ya wageni ionekane juu mtu akitafuta kwenye Google. Mkataba mnao, ankara mlizitoa wenyewe, sera ya kurudisha hela mmeiandika wenyewe, kwa hiyo sitawakumbusha mnachokijua, naenda moja kwa moja.

Kijana wenu, yule mliyenipa eti ndiye anayenihudumia, alinicheka mbele za watu. Nilimuuliza swali la haki kabisa, kwa nini toka mmeanza kazi simu za wageni zimekata, yeye akafungua laptopu akaandika kwenye Google jina zima la nyumba yangu ya wageni, ikatokea ya kwanza, akasema "si hii hapa namba moja mama, unataka nini tena?" Watu wakacheka.

Sasa jamani, jina la nyumba yangu anaandika nani? Si yule ambaye tayari ananijua! Mgeni aliyeko Ujerumani hajui kama mimi nipo duniani, yeye anaandika sehemu ya kulala Bagamoyo, au lodge karibu na magofu ya Kaole, au namna ya kwenda Saadani kutokea Bagamoyo, na huko ndiko nilikowalipa nionekane. Kwa maneno hayo nimepekua ukurasa wa kwanza, wa pili, nimeenda mpaka nimechoka, sipo. Na zamani nilikuwepo! Kabla yenu nilikuwepo, bila SEO ya mtu.

Nilikuwepo kwa sababu ya ule ukurasa niliouandika mwenyewe kwa mkono wangu, unaomweleza mgeni akifika Dar aende stendi ya Makumbusho, apande gari gani, akishuka Bagamoyo asikubali bajaji ya bei gani, Kaole aende asubuhi kabla jua halijawa kali, na pale Misheni aanzie wapi kuangalia. Wageni walikuwa wanafika wameuprinti kabisa, wengine wanauonyesha kwenye simu. Nyie mkaufuta. Mkasema ni mrefu na "hauna keywords", yaani maneno ambayo watu huandika wakitafuta Google. Na mkaufuta hivyo hivyo, bila kuielekeza anwani ya zamani kwenye ukurasa mwingine, kwa hiyo wale wenye blogu za safari waliokuwa wameweka linki ya kuja kwangu, linki za ukweli walizoweka kwa hiari yao, sasa msomaji akibonyeza anakuta ukurasa haupo. Yaani kitu pekee kilichokuwa kinaniletea watu ndicho mlichoanza nacho kukiua.

Mahali pake mkaweka nini? Kurasa za "Lodge nzuri Mwanza", "Lodge nzuri Dodoma", "Lodge nzuri Arusha", maneno yale yale mmebadilisha jina la mji tu, zote zina namba yangu ya simu. Nimepigiwa usiku na baba wa watu yuko stendi Dodoma na familia yake anauliza amwambie dereva ashushe wapi, nikamwambia baba mimi niko Bagamoyo, akanitukana, na mimi nikanyamaza maana nilimuonea huruma. Na ile makala yenu ya historia inasema magofu ya Kaole yalijengwa na Wajerumani. Wajerumani! Kaole ina msikiti wa karne ya 13, Wajerumani wamejenga Boma, vitu viwili tofauti hata mtoto wa shule ya msingi hapa anawaonyesha kwa kidole. Mgeni anayesoma upuuzi huo kwenye websaiti yangu ataniamini vipi nikimwambia nina maji ya moto?

Mpwa wangu anasoma kompyuta, ndiye alinifungua macho. Aliburuta mausi chini ya ukurasa wa mwanzo pale panapoonekana patupu, pakageuka bluu, kumbe kuna maandishi meupe juu ya weupe, "lodge Bagamoyo lodge bei rahisi Bagamoyo hoteli Bagamoyo lodge Bagamoyo" mistari na mistari. Mmenifichia takataka ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Halafu kwenye ankara ya pili kuna shilingi 250,000 za "kuweka keywords kwenye meta tegi". Ndugu Mkurugenzi, tegi hiyo ni orodha ya maneno inayokaa ndani ya msimbo wa ukurasa, msomaji haioni, na Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. 2009! Mmenitoza hela ya kitu kilichokufa zamani hizo.

Na linki. Mmeninunulia linki kwenye visaiti vya kamari, vya dawa za nguvu za kiume, vya lugha nisizozijua, ni sawa na kulipa watu wasionijua wapige kelele sokoni kwamba pilau yangu tamu. Mchezo huo Google walianza kuubana toka 2012 na ile sasisho yao ya Penguin, kila anayejiita mtu wa SEO analijua hilo, au nyie hamlijui? Mkisema hamlijui ni vibaya, mkisema mnalijua ni vibaya zaidi.

Maana kuna hili ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mpwa wangu alipoomba kuingizwa kwenye Search Console, pale Google wanapomwonyesha mwenye websaiti hali ya websaiti yake, mlizungusha weee mpaka siku moja mtu wenu mwingine, binti mstaarabu, akamuingiza. Humo ndani kukawa na ujumbe wa Google kwamba websaiti yangu imepewa adhabu na watu wao wenyewe wa ukaguzi kwa sababu ya linki zisizo za asili. Ujumbe una tarehe. Tarehe hiyo ni KABLA ya ankara yenu ya tatu. Yaani mlijua nimeadhibiwa, hamkuniambia, mkanitumia ankara nyingine ya laki sita na chini mmeandika "kazi inaendelea vizuri sana". Na mimi nikalipa, wakati msimu wa tamasha pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, unakuja, msimu ambao miaka yote najaza mpaka naazima magodoro kwa jirani, mara hii vyumba vimelala vitupu na mpishi nimempumzisha.

Sasa narudi kwa yule kijana, maana naona sijalisema vya kutosha. Nilitoka Bagamoyo alfajiri, nikakaa kwenye lile benchi lenu la mapokezi mpaka adhuhuri imepita, naambiwa yuko kwenye kikao huku namuona kwa kioo anakula chipsi. Alipotoka hakuniita ndani. Alikuja pale pale kwenye benchi, hedifoni shingoni, kuna wateja wengine wamekaa, baba mmoja na wadada wawili. Hakunipa hata shikamoo, mimi mtu mzima wa kumzaa. Nikamuuliza kwa upole. Akaandika jina la nyumba yangu, lote, halafu, na hapa ndipo hasa, hakunigeuzia mimi ile laptopu, aliwageuzia WALE WENGINE. Akasema "jamani hebu nisaidieni kumwonyesha mama, namba moja ni ipi hapo?" Wakacheka, wadada walicheka kwa aibu lakini walicheka. Akaongeza "mambo ya algorithimu haya mama, ukirudi Bagamoyo mwambie mwanao akueleze." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Kwenye daladala nililia, na si mtu wa kulia mimi.

Alichofanya pale si kunijibu, ni kiini macho, na mkubwa wake anajua ni kiini macho. Google wenyewe kwenye maelekezo yao kwa wenye websaiti wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Nyie mmeandika "NAMBA MOJA AU HELA YAKO INARUDI" kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi, ninacho hapa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nataka mnirudishie nusu tu na tuachane kwa heri. Nimefika hapa nimebadili mawazo. Nataka shilingi 1,800,000 zote, ankara zote tatu. Nataka zile kurasa za Mwanza na Dodoma na wenzake zifutwe leo, maandishi yaliyofichwa yatolewe, ukurasa wangu wa Makumbusho urudi kwenye anwani ile ile, linki mlizonunua muziondoe na zinazogoma mzipeleke Google kwa faili la kuzikana, ili wasizihesabu kwangu, na barua ya kuwaomba Google waiangalie upya websaiti yangu muiandike nyie, mkikiri ni kazi yenu. Nataka paswedi zote. Na domeini, hiyo ya co.tz, nimegundua mmeisajili kwa jina la kampuni yenu badala ya jina langu, hiyo ihamishwe, hilo sijadiliani. Mkibana nitakwenda kwa wasimamizi wa domeini za .tz na leseni yangu ya biashara mkononi.

Na kijana aniandikie kuomba radhi, kwa jina lake. Tena si kuniandikia tu, naona aje mwenyewe Bagamoyo, benchi ninalo.

Mnayo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana. Ikipita, barua hii na picha za skrini, ule ujumbe wa Google wenye tarehe na kipeperushi chenu vinakwenda Tume ya Ushindani, maana kumdanganya mteja kwenye biashara kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na siku hiyo hiyo vinaingia kwenye grupu letu la WhatsApp la wenye nyumba za wageni ambako najua mna wateja wengine, na wawili wameshaniuliza kama na wao waangalie Search Console zao. Nimewaambia wasubiri kwanza Ijumaa.

Wenu mteja,
Mwenye nyumba ya wageni, Mji Mkongwe, Bagamoyo

N.B. Ankara ya nne mliyonitumia jana msihangaike kunikumbusha.