Barua kwa Akinyi: hiyo 150 si kosa la programu

Nakuru

Mpendwa Akinyi,

Habari za Kisumu? Huku asubuhi ni za sweta na uji, kwa hivyo ukilalamikia joto la huko nakuonea wivu tu. Watoto hawajambo, wanamsalimu shangazi yao.

Sasa tuje kwenye tangi lako la gari la haidrojeni, lile unalolijaza gesi kwenye modeli ya kompyuta. Unasema uliipa modeli haidrojeni ya nyuzijoto 30, tangi likiwa tupu, ikakutolea karibu nyuzijoto 150 mwishoni, nawe ukakesha ukitafuta kosa. Hakuna kosa. Ukiwa hujaruhusu joto kupenya ukutani, gesi humaliza ikiwa na takriban mara 1.4 ya halijoto iliyoingia nayo, kwa kipimo cha Kelvini. Piga 303 mara 1.4, upate 424, yaani nyuzijoto 151 za Selsiasi. Ni yale yale ya pampu ya baiskeli kuchoma mkono. Wengi huisingizia vali, kwa sababu haidrojeni, tofauti na gesi nyingi, hupata joto inapopanuka kwenye tundu jembamba. Ni kweli, ila mchango huo ni mdogo. Joto lenyewe hasa linatokana na gesi inayoingia kuikandamiza iliyotangulia.

Shida ni kwamba tangi la gari haliruhusiwi kupita nyuzijoto 85. Ndani mna ganda la plastiki, nje nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na vyote viwili havipendi joto. Ndiyo maana stesheni zinazojaza kwa baa 700 (baa ni kipimo cha presha) huipoza gesi hadi karibu nyuzijoto -40 kabla ya kuiachilia, ili gari lijae kwa dakika 3 hadi 5. Weka -40 kwenye modeli yako hiyo hiyo uone itakavyoshuka.

Kisha weka ukuta, na hapa usikimbie. Umeniuliza kama upepo wa ziwa utasaidia. Hautasaidia. Plastiki na nyuzi za kaboni hupitisha joto polepole mno, kiasi kwamba dakika 5 huisha kabla joto halijafika nje. Badilisha hali ya hewa ya nje unavyotaka, kilele cha joto la gesi hakitasogea sana. Kinachokisogeza ni jinsi gesi inavyoupa joto ukuta wa ndani, na ukuta huo ulikuwa na joto kiasi gani ulipoanza. Gari lililoanikwa juani huko kwenu Kibuye mchana kutwa halianzi sawa na la hapa Nakuru. Tangi la ganda la alumini nalo litakupa jibu la chini zaidi, kwa kuwa alumini hunywa joto haraka.

Usihangaike bado na ile modeli kubwa inayokata tangi vipande maelfu. Halijoto moja kwa gesi yote inatosha, mradi mlango wa gesi ni mwembamba na gesi inaingia kwa kasi ya kujikoroga. Ikiingia polepole, ya moto hupanda juu na ya baridi hulala chini. Hapo wastani unaweza kuonyesha 80 na plastiki ya juu inaungua.

Na yule aliyekuambia tangi huvuja usiku kwa sababu geji ilishuka, mwambie asihofu kabla ya kupiga hesabu. Baa 875 kwenye nyuzijoto 85 na baa 700 kwenye 15 ni kilo zile zile za gesi. Tangi likipoa, presha hushuka bila kitu kutoka.

Watu wa huku, kwa sababu ya umeme wa jotoardhi wa Olkaria unaoweza kutengenezea haidrojeni, huniuliza magari ya haidrojeni yatakuja lini. Mkakati wa haidrojeni wa serikali wa 2023 uliitanguliza mbolea inayotengenezwa kwa gesi hiyo, si magari, na mimi naona ni sawa.

Nitumie kipenyo cha mlango wa gesi na unene wa ukuta, niujaribu kwangu. Na usisahau omena.

Wako,
Chebet