Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya Machi na Julai yalifanyika, kompyuta ya tatu ilinunuliwa, na kodi ya chumba chetu cha Ngara imelipwa hadi Desemba. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni agizo langu la Agosti la kusimamisha masasisho ya programu za data kwenye kompyuta za chama. Wapo waliosema nimevuka mamlaka, na wapo walioandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba nawarudisha nyuma. Naomba mnisikilize.

Tulikuwa na kazi ya utafiti wa kaya 412 za mtaa wa Mathare. Swali la 17 liliuliza kaya inatumia choo cha aina gani, na asiye na choo aliandikiwa "None". Mwenzetu mmoja, simtaji, alikuwa ametoa pandas, programu ya kuchambua data, kwenye toleo la 1.5 akaweka la 2.0. Tangu toleo hilo la Aprili 2023, pandas ikisoma faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) huchukulia neno "None" kuwa nafasi tupu, usipoikataza. Badiliko hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Sisi ndio hatukuyasoma. Skripti yetu, yaani maagizo tuliyoiandikia kompyuta, ilikwenda hadi mwisho bila kosa wala onyo, na jedwali likatoka safi kabisa: kila kaya iliyojibu ina choo!

Mimi mwenyewe ndiye niliyeona kwamba jumla ni 354. Ilikuwa saa tano usiku na mteja anangoja ripoti asubuhi. Nilifungua faili ghafi nikahesabu mstari kwa mstari. Kaya 58 zilizopotea ndizo zisizo na choo, zile zile ambazo utafiti ulifanywa kwa ajili yao.

Kuhusu kamati: niliiita mara mbili mwezi huo. Walifika wanne, na akidi ni saba. Ningengoja nini? Wala toleo jipya kutuvurugia kazi si jambo geni. R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ilipofika toleo la 4.0.0 mwaka 2020, iliacha kugeuza yenyewe maandishi ya jedwali kuwa makundi, na wazee wa chama wanakumbuka skripti ngapi tulizirekebisha.

Wanaohofia usalama wajue kwamba viraka vya mfumo wa kompyuta vinaendelea kuwekwa. Zilizofungwa zisisasishwe ni programu za data tu, na orodha ya matoleo nimeibandika ukutani. Toleo jipya litaingia likishapitishwa kwenye faili la majaribio ambalo majibu yake tunayajua. Agizo hili silifuti.

Ada inasikitisha. Wanachama ni 64, waliolipa shilingi 1,500 ni 23, zilizoingia 34,500, tunazodai 61,500. Mkutano wa Oktoba walikuja 11, na chai ilipikwa ya watu 40. Iliniuma sana.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kupata kompyuta ya majaribio pekee, na pengine mafunzo zaidi hali ikiruhusu.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti,
Nairobi