Magari yamepumzika hadi Machi: ulipie nini, usubiri nini, urekebishe nini

Tangu Lando Norris atwae ubingwa wa langalanga (Formula 1) pale Abu Dhabi tarehe 7 Desemba 2025, pointi 423 dhidi ya 421 za Max Verstappen, wateja wanaoingia kwenye duka letu la madishi na dikoda hapa Busia, upande wa Uganda, wanakuja na maswali yaleyale. Niendelee kulipia? Ni kweli mbio zimehamia Apple? Mbona chaneli ya magari inarudia mbio za zamani? Nao wenye vibanda vya kuonyeshea watu televisheni wanauliza kama Machi watakuwa na cha kuonyesha. Tumeona afadhali tuyajibu kwa maandishi, maana fundi akiwa juu ya paa hawezi kujibizana na watu walio chini.

Tuanze na Apple, kwa kuwa ndiyo iliyowatia watu hofu. Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia msimu wa 2026, kwa miaka mitano, langalanga itaonyeshwa na Apple badala ya ESPN. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni ya Marekani peke yake. Haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi, au eneo kwa eneo. Uingereza wanatazama Sky, Ufaransa wanatazama Canal+, na sisi wa huku kusini mwa Sahara tumekuwa tukizipata mbio kwa SuperSport kupitia DStv. Aliyenunua Marekani hajanunua Busia. Simu haina mpaka, kwa hiyo habari ya California inatufikia upesi kuliko ya Tororo, na kijana akishaisoma anakuja kuuliza bei ya kifaa kingine. Kabla hujatoa pesa, soma tena uone inazungumzia nchi gani. Mara nyingi swali linaishia hapo.

Kuna na wale waliosikia kwamba Canal+ imeichukua MultiChoice, kampuni yenye DStv. Ndiyo, ununuzi ulikamilika Septemba 2025. Lakini mwenye kampuni akibadilika, dishi lako halibadilishi linapotazama, na kadi yako haifi. Akikujia mtu mlangoni akisema anakusanya dikoda za zamani kwa sababu ya "mwenye mali mpya", mfukuze.

Sasa malipo. Hapa tutasema neno lisilotuletea faida. Kama kinachokufanya ulipie kifurushi kikubwa ni langalanga tu, basi tangu tarehe 7 Desemba hadi 8 Machi 2026 hakuna mbio hata moja. Ni miezi mitatu. Shuka kifurushi. Pesa hiyo ni karo ya shule, na shule zinafunguliwa Februari. Tunachokuomba ni kwamba usizime kila kitu na kuifunika dikoda kitambaa mpaka siku ya mbio, na sababu tutaieleza.

Ukilipa, ruhusa ya kufungua chaneli haiji kwa simu. Inarushwa kutoka satelaiti mpaka kwenye dikoda yenyewe, na ili iipokee, lazima iwe imewashwa na dishi liwe linadaka. Dikoda iliyokaa gizani miezi mitatu inaweza kuwa na kazi ya kusasisha programu yake kwanza kabla ya kukuonyesha chochote. Watu wengi hulipa Jumapili asubuhi, magari yakiwa yamejipanga tayari, kisha wanawasha na kukutana na maandishi ya E16. Wanadhani pesa imepotea. Haijapotea. E16 maana yake ni kwamba dikoda haijapata ruhusa ya chaneli hiyo: ama hujalipa, ama umelipa na ruhusa haijafika, ama kifurushi ulicholipia hakina chaneli ya magari. Iache imewashwa kwenye chaneli ileile inayokataa, usiruke huku na huku, kisha omba kufutiwa kosa kwa simu au uje kwetu tukuombee. E48-32 ni jambo jingine kabisa. Hilo ni dishi kutopata mawimbi, halitibiki kwa kulipa mara ya pili. Tafadhali, usilipe mara ya pili.

Jambo la mpakani: kadi iliyoandikishwa upande wa Kenya hulipiwa huko kwa M-Pesa, ya Uganda hulipiwa kwa MTN au Airtel. Wako wanaonunua ng'ambo kwa sababu ya bei, halafu kadi ikigoma wanatuletea sisi. Akaunti ya Kenya hatuwezi kuifungua kutoka hapa.

Lakini hayo ya kushuka kifurushi ni kwa wapenzi wa langalanga. Ukiwa mtu wa rali, usituige. Januari kwenu si mwezi mkavu. Rali ya Dakar inakimbizwa Saudi Arabia kuanzia tarehe 3 hadi 17, na tarehe 22 hadi 25 ni Monte Carlo, ambapo ubingwa wa dunia wa rali unaanza upya. Sébastien Ogier anaingia akiwa na mataji tisa, sawa na Sébastien Loeb, na kama huo mjadala haukuchemshi damu basi wewe rali huipendi. Tunakubali kwamba duka hili lina upendeleo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa barabara hii wana hadithi zake. Uganda ilitoa bingwa wa Afrika, Charles Muhangi, mwaka 1999, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawapiku wanaume wote kwenye ubingwa wa taifa. Langalanga haijawahi kutupitia mlangoni.

Tena kuna wanaotaka kutazama majaribio ya magari ya langalanga. Msimu wa 2026 magari ni mapya kabisa, kwa hiyo kila mtu anataka kuyaona. Majaribio ya Barcelona, tarehe 26 hadi 30 Januari, yanafanyika milango ikiwa imefungwa kwa watazamaji na kwa waandishi wa habari. Atakayekutumia linki ya "mubashara kutoka Barcelona" anakudanganya, na linki ikikuomba namba ya siri ya mobile money umeshajua ni mtu wa aina gani. Ya Bahrain, tarehe 11 hadi 13 na 18 hadi 20 Februari, ndiyo ya kufuatilia. Hata hivyo hatushauri mtu apandishe kifurushi kwa ajili ya majaribio. Unaona gari linazunguka, hujui lina mafuta kiasi gani tangini, halafu jioni mnabishana nani ana kasi.

Mabishano hayo tunayapata bure hapa nje, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka. Kinachowagawanya ni injini. Kuanzia mwaka 2026 karibu nusu ya nguvu ya gari la langalanga itatokana na umeme, na mafuta yake si petroli itokanayo na kisima. Dereva mmoja wa tangi la mafuta ameikataa habari hiyo waziwazi. Kwa mtazamaji, kitakachoonekana kwenye skrini ni hiki: ile DRS, bawa la nyuma kufunguka ukiwa karibu na wa mbele, imeondolewa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yatabadilika kwa magari yote kwenye sehemu zilizonyooka, na mwenye kumfukuza mwenzake atapewa umeme wa ziada. Magari yatakuwa 22 badala ya 20, kwa sababu Cadillac wameingia na Sergio Pérez na Valtteri Bottas. Audi nao wameingia, ila wamechukua nafasi ya Sauber. Wiki za kwanza utaona rangi usizozijua. Televisheni haijaharibika.

Tuje kwenye dishi, maana hapo ndipo tunapokula na ndipo wateja wanapopotezwa zaidi.

Satelaiti inayoturushia DStv iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki. Busia iko karibu na nyuzi 34, na ikweta iko kusini yetu hatua chache tu. Maana yake, satelaiti iko karibu utosini. Nakuru ndiyo iko karibu kabisa chini yake. Mtu aliyezoea picha za Ulaya, dishi limesimama ukutani likitazama upeo wa macho, akija kwetu anaona mafundi wamelilaza na kudhani ni uvivu. Sivyo. Na sura ya dishi inadanganya: haya madogo ya nyumbani hayapokei kutoka mbele ya uso wake, yanapokea kwa pembe, kwa hiyo hata linapoonekana limeinama upande mmoja, linachokisikiliza kiko juu ya kichwa chako.

Kutokana na hilo, mti wa kuogopa si ule ulio mbele ya nyumba. Ni tawi linaloning'inia juu. Mwembe uliokuwa mdogo ulipofungiwa dishi umekua, na mwenye nyumba anauchungulia kwa pembeni, anasema "mbona uko mbali?" Pia bakuli lililolala hukusanya vumbi, majani na vitu vya ndege. LNB, kile kichwa kinachodaka mawimbi mbele ya dishi, nayo inatazama chini kwenye bakuli, hivyo mahali pa kuungia waya pako wazi kwa mvua. Maji yakiingia hapo hushuka ndani ya waya polepole, shaba inageuka kijani, na picha inaanza kuvunjikavunjika wakati wa mawingu tu. Mteja anasema ni hali ya hewa. Kumbe ni kiungio ambacho kingebadilishwa kwa dakika chache.

Ndiyo sababu tunasisitiza Januari na Februari. Mvua za masika huku zinaanza Machi na kuendelea hadi Mei, na langalanga inaanza Machi hiyohiyo. Paa sasa ni kavu, fundi anapanda salama, na foleni ni fupi. Tukija tunafungua menyu ya dikoda na kuangalia vitu viwili, nguvu na ubora wa mawimbi. Nguvu inaweza kuwa juu na picha ikakataa. Ubora ndio wa kuutazama, na hupandishwa kwa kusogeza dishi kidogo sana na kuizungusha LNB kwenye kishikio chake. Mvua kubwa itakata picha hata kwa dishi zuri, hilo hatutakuficha. Tofauti ni kwamba dishi lililopangwa vizuri hukatika baadaye na hurudi mapema. Anayekaa mahali penye mvua za kila jioni, dishi la sentimita 90 litamsitiri kuliko la 60.

Na kuna kukatika kusiko na fundi. Siku chache kuzunguka tarehe 20 Machi, jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti. Kwetu hutokea saa saba kasoro robo mchana hivi, kwa dakika chache, kukiwa hakuna wingu hata moja. Septemba linajirudia. Usipande juu ya paa, usiguse kitu. Kaa kivulini, itarudi yenyewe.

Sasa chukua kalamu. Saa zote ni za Kiswahili, za hapa hapa. Melbourne, Jumapili tarehe 8 Machi, mbio ni saa moja asubuhi. Mwenye kusali ibada ya kwanza atachagua. Shanghai ni tarehe 15 Machi, saa nne asubuhi, na siku ileile Safari Rally, iliyoanza tarehe 12 pale Naivasha, inamaliza hatua zake za mwisho. Nyumba yenye televisheni moja na mashabiki wa aina mbili ijadiliane mapema. Sisi tumeshajadiliana, rali imeshinda. Suzuka, tarehe 29 Machi, ni saa mbili asubuhi. Zile za saa kumi jioni mlizozoea, Jumapili na chakula kimeshaliwa, zitarudi mbio zikifika Ulaya.

Wenye vibanda, neno moja kwenu. Kadi ya nyumbani hairuhusiwi kuonyeshea watu kwa kiingilio, kuna akaunti za biashara kwa kazi hiyo. Tunajua wengi mnaitumia, lakini sisi hatutakufungia kadi ya nyumbani ukumbini. Ukitaka tukuandikishie ya biashara, njoo sasa. Usingoje Ijumaa ya tarehe 6 Machi. Hesabuni pia kwamba mbio za asubuhi hazijazi benchi kama mechi za usiku. Wapo waliopika chai na chapati wakapata wateja wa Melbourne, lakini faida ilikuwa ya chai.

Kuangalia ubora wa dishi ni bure kwa aliyenunua kwetu, na tutaendelea hadi Jumamosi ya mwisho ya Februari. Ukileta dikoda dukani, leta na kadi yake, rimoti na waya wake wa umeme. Dikoda peke yake inatufanya tuanze kuazima.