Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Akili ya Ndugu Wanaorudi Uraiani

Ndugu wanachama,

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha familia na ndugu waliowahi kufungwa, sisi wakazi wa Mwanza ambao wengi tunaijua njia ya gereza la Butimba kwa miguu yetu wenyewe. Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba inavyotaka, na juu ya hilo sina la kuongeza.

Lililotushughulisha zaidi ni jambo ambalo kwa muda mrefu tulilichukulia kuwa ukaidi. Mwenzetu mmoja, aliyemaliza kifungo kirefu, tulimtafutia kibarua cha dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kila msimamizi alipoanza kuhesabu magunia kwa sauti, yeye alichuchumaa na kuinamisha kichwa, kama alivyozoea kuchuchumaa akihesabiwa gerezani. Vijana wakacheka, na siku ya nne hakurudi. Mkewe alinieleza kwamba hagusi chakula mpaka aambiwe ale, na usiku hawezi kulala chumba kikiwa kimya. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita mvivu.

Hali hii si ngeni kwa wataalamu. Tangu mwaka 1940 Mmarekani Donald Clemmer alieleza jinsi mfungwa anavyozama taratibu katika mila za gereza, hata zikawa ndizo maisha yake. Mahabusu naye ana adha yake, ambayo kwa maoni yangu ni kali zaidi, kwa kuwa mfungwa anayo tarehe ya kuhesabia siku, ilhali mahabusu hurudishwa ndani wiki mbili baada ya wiki mbili kwa maneno yale yale, kwamba upelelezi haujakamilika.

Chama nacho kilikosea. Tulikuwa tukimkabidhi mtu mtaji ndani ya wiki ya kwanza, kisha tunamwacha, na fedha nyingi zilipotea hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu waliotoka magereza ya Jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza uraiani hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, hasa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Huku kwetu sababu huenda zikawa nyingine, lakini hizo ndizo wiki tulizokuwa tukimwachia mgeni wetu peke yake. Kwa hiyo tangu katikati ya mwaka mtaji unasubiri, na mwanachama mmoja humtembelea anayerudi kila siku, hata kama ni kukaa naye tu barazani.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Naomba mkutano uridhie sehemu ya fungu la mitaji ihamishiwe kwenye nauli za kwenda kliniki ya magonjwa ya akili Bugando, kwani wawili wameacha dawa kwa kukosa pesa ya daladala.